Nani Afaa Kufundisha Habari za Moto Kazini?

Hotuba kwa waajiri na vijana wa Lodwar na Kakuma



Katika mji wa Lodwar, ukingoni mwa mto Turkwel, na katika Kakuma, kilomita 120 hivi kwa barabara iendayo kaskazini-magharibi, kazi za watu zimezidi sana. Zamani Lodwar palikuwa na boma, maduka machache na jua kali. Jua lingali lile lile, lakini leo pana hospitali kubwa ya kaunti, chuo kikuu kishiriki, mabenki, vituo vya petroli, hoteli, karakana za kuchomelea vyuma na mabweni ya shule. Huko Kakuma, ilikofunguliwa kambi ya wakimbizi mwaka 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanza mwaka 2016, wanaishi watu zaidi ya 250,000. Nao wana masoko yao, maghala ya chakula, hospitali, tanuri za mikate na jenereta zinazonguruma hata usiku. Kila mahali kama hapo pana moto, au pana kitu kinachongoja moto.

Kwa sababu hiyo vijana wengi, wenyeji na wakimbizi, huuliza swali moja: mtu atakaye kuwa mkufunzi wa usalama kazini, yaani mtu wa kuwafundisha wafanyakazi namna ya kujikinga na moto na ajali, awe na vyeti gani? Nao waajiri wana swali lao: ajapo mtu mlangoni, akasema kuwa yeye ni mkufunzi, atajulikanaje kuwa ni kweli? Maswali haya mawili ni kama sarafu moja na pande zake mbili, na jibu lake si fupi kama wengi wanavyodhani.

Ni vyema kwanza kuitazama sheria, maana ndiyo iliyoizaa kazi yenyewe. Sheria ya Viwanda ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 1951. Wakati huo ilihusu viwanda tu, na mtu wa Turkana angeweza kusema kwa haki kuwa haimhusu. Mwaka 1990 ilipanuliwa ikashika na mahali pengine pa kazi, na mwaka 2007 mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayotumika hata sasa. Sheria hii haiulizi kama pana bomba la moshi au mashine kubwa. Duka ni mahali pa kazi, shule ni mahali pa kazi, ghala la mahindi la Kakuma ni mahali pa kazi. Imempasa mwenye mahali hapo awape watu wake habari, mafundisho na usimamizi, ili wasidhurike. Akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, hana budi kuunda kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa upande wake na wa upande wa wafanyakazi, na wajumbe hao wafundishwe kazi yao.

Tena ziko kanuni za kupunguza hatari ya moto, zilizotolewa mwaka huo huo wa 2007. Hizo zataka pawe na kikosi cha wafanyakazi waliozoezwa kuzima moto, watu wote wafundishwe kutumia vyombo vya kuzimia, zoezi la kutoka nje lifanywe walau mara moja kwa mwaka, na hali ya usalama wa moto ikaguliwe kila miezi 12 na mtu aliyeidhinishwa. Mtu akizisoma kanuni hizi ataona mara moja kwa nini wakufunzi wanatafutwa. Ataona pia kwa nini wako watu wanaotaka kuitwa wakufunzi kabla hawajawa.

Basi, vyeti. La kwanza ni elimu ya shule, mtu awe amemaliza sekondari, aweze kusoma sheria na kuandika taarifa isiyo na shaka ndani yake. La pili ni mafunzo ya usalama na afya kazini yenyewe. Mtu aweza kuanza na kozi fupi ya wajumbe wa kamati, lakini kozi ya siku chache yamfanya mjumbe, haimfanyi mkufunzi; wengi hukosea hapa. Atakaye kufundisha atafute cheti au diploma ya usalama kazini katika chuo kinachotambuliwa. Wengine hufanya mtihani wa NEBOSH, bodi ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1979, ambayo vyeti vyake vinajulikana sana na makampuni na mashirika makubwa. Ni cheti kizuri, ila ada yake ni nzito. Na kijana wa Lodwar asidhani kwamba bila hicho mlango umefungwa.

La tatu ni ujuzi wa moto wenyewe. Huu hupatikana kwa waliotumika katika vikosi vya zimamoto vya miji, bandari, viwanja vya ndege au majeshi, au kwa kozi za kuzima moto zenye mazoezi ya kweli. La nne ni ujuzi wa kufundisha. Katika Kenya, mwalimu wa chuo cha ufundi huandikishwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, TVETA, chini ya sheria ya mwaka 2013. Na watoao mafunzo kwa wafanyakazi wa viwanda na makampuni hujiandikisha kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. La mwisho, nalo ndilo waajiri husahau kuuliza, ni idhini ya Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya wizara ya kazi. Kurugenzi hiyo huweka orodha za watu na vyuo walioidhinishwa: washauri wa usalama, wakaguzi wa moto, watoa mafunzo. Mwenye cheti cha chuo asiyekuwa na idhini aweza kujua mengi, lakini mafunzo yake huenda yasihesabiwe siku mkaguzi wa serikali atakapofika. Basi mwajiri asione haya kuomba kuiona karatasi ya idhini, aisome jina na tarehe, kisha aulize Kurugenzini kama ni yenyewe.

Kwa wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei iko habari ya kuongeza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 yampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi au biashara, na kushika kazi ya ujuzi, mradi awe na sifa zinazokubaliwa na wakuu wanaohusika katika Kenya. Neno hilo la mwisho ni zito. Mtu aliyekuwa zimamoto Juba au Bujumbura, aliyekuja na ujuzi wake kichwani na cheti chake kimeunguka au kimepotea njiani, hana budi kuanza kwa kutafuta kutambuliwa. Vyeti vya nje hulinganishwa na Mamlaka ya Sifa za Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Na kwa ujuzi usio na karatasi iko njia ya kupimwa kwa yale mtu ajuayo kufanya kwa mikono yake. Si njia ya siku moja. Lakini mtu aliyewahi kuingia katika nyumba yenye moshi, akatoka na mtu mgongoni, ana kitu ambacho darasa haliwezi kumpa mwingine, na ni hasara kumwacha akae bure.

Hayo ndiyo ya karatasi, na ni ya lazima. Lakini yuko mkufunzi mwenye karatasi zote hizo ambaye akiletwa Lodwar aweza kuwadhuru watu, naye hana nia mbaya hata kidogo. Huyu ni yule aliyejifunza moto wa mahali pengine.

Mathalani, mafuta ya taa. Vitabu vingi husema kwamba petroli ni hatari kuu, maana hutoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi kali kupita barafu. Bali mafuta ya taa ni mapole, hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yapate joto la digrii 38 au zaidi kidogo. Maneno hayo ni kweli. Mkufunzi akiyasema Limuru, penye ukungu na baridi, wasikilizaji wake watakwenda nyumbani salama. Ila Lodwar joto la mchana, kivulini, huzidi digrii 35 siku nyingi za mwaka, na dumu lililoachwa juani au chini ya bati hupata joto kuliko hewa. Hapo yale mafuta mapole yamekwisha kufika mpakani, au yamekwisha kuuvuka. Mwenye duka anayeyamimina kwa faneli karibu na jiko la chai, huku akikumbuka alivyofundishwa kuwa mafuta ya taa si kama petroli, amedanganywa na ukweli wa mahali pengine.

Tena mvuke huo, kama ule wa petroli na ile gesi ya kupikia, ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini, ukaingia shimoni, ukakaa chini ya meza, ukasafiri mpaka penye kaa la moto. Ndiyo maana mtu husikia harufu kidogo tu puani, na miguuni pake pamejaa hatari. Mkufunzi afaaye hulionyesha jambo hili kwa vidole vyake, akiinama mpaka chini. Asiyefaa husoma orodha.

Upepo nao una neno. Nchi ya Turkana ni mlango wa pepo kali zitokazo kusini-mashariki, na moto ulioanza upande huo wa soko hauwezi kufananishwa na moto wa mahali palipotulia. Nyumba nyingi za Kakuma ni za matofali ya udongo, na udongo hauungui. Lakini juu yake pana turubai, au makuti ya mkoma, au nguzo za mathenge zilizokauka kama kiberiti, na uzio wa miiba waziunganisha nyumba hii na hii kama utambi. Mahali kama hapo mkufunzi hana haja ya kuanza na mitungi ya kuzimia moto. Ataanza na nafasi: kiasi gani cha ardhi tupu kati ya kibanda na kibanda, jiko liko upande gani wa upepo, na uzio ukatwe wapi ili moto ukose daraja. Na kwa kuwa gari la zimamoto likitoka Lodwar kwenda Kakuma halifiki chini ya saa moja hata likikimbia, na duka la nguzo na makuti humalizika kwa dakika chache, hapana budi awaambie watu waziwazi kwamba zimamoto wa kwanza ni wao wenyewe.

Juu ya mitungi hiyo, makosa ni mengi mno. Watu huiona ukutani kama pambo. Wengi hawajui kwamba mtungi wa kawaida wa unga, ukifunguliwa, hauchukui hata nusu dakika kwisha. Anayeurusha juu kwenye ndimi za moto badala ya chini kwenye chanzo chake amekwisha kuutupa. Hawajui kwamba mtungi wa hewa ya kaboni, ufaao kwa vyombo vya umeme, waweza kumziba pumzi mtu aliye katika chumba kidogo. Hawajui kwamba maji yakimwagwa juu ya mafuta ya kukaangia yanayowaka, lita moja yageuka mvuke wa lita 1,700 hivi na kuyarusha yale mafuta yanayowaka mpaka darini na usoni pa mtu. Mpishi wa hoteli ya Lodwar akijua hilo moja tu, pamoja na kuzima jiko na kufunika sufuria kwa kifuniko, amefundishwa zaidi ya aliyekaa siku nzima akitazama picha. Na mtungi wenyewe usiwekwe juani. Huo nao ni ujuzi wa Turkana usiotiliwa mkazo katika vitabu vya nchi za baridi.

Mtu aliyeungua apozwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, wala samli, wala mafuta. Kakuma, ambako maji huchotwa kwa zamu na kupimwa kwa dumu, mkufunzi lazima awaulize watu mapema: hayo maji ya dakika 20 yatatoka wapi, na nani ana ufunguo wa tangi?

Kwa habari ya ufunguo, hapana somo kuu kuliko hili.  Katika bweni la shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, mwezi wa Machi 2001, walikufa wavulana 67. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka 90 kabla yake, tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, walikufa watu 146, wengi wao wasichana, na huko pia mlango ulikuwa umefungwa ili wafanyakazi wasiibe vitambaa. Sababu za kufunga ni nzuri siku zote: wizi, watoro, nidhamu. Mkufunzi aingiapo katika bweni au ghala lolote la Lodwar, na atembee kwanza kwenye kila mlango, aujaribu kwa mkono wake, kabla hajaketi kunywa chai ya mkuu wa mahali. Akikuta kufuli aseme hapo hapo, hata kama ni mkuu huyo atakayetia sahihi ya malipo yake. Hii ni sifa isiyoandikwa katika cheti chochote, nayo ni adimu.

Kwa sababu hiyo ni vizuri mwajiri amwangalie sana yule mkufunzi ambaye pia anauza mitungi ya kuzimia. Si kosa la sheria kila mara, lakini mtu huyo ana mabwana wawili, na ni shida kujua somo limekwisha wapi na biashara imeanza wapi. Amwangalie pia atoaye vyeti 40 baada ya saa moja ya maneno. Na mkufunzi naye ajue mpaka wake: kufundisha si kukagua, na aliyepewa idhini ya kufundisha asitie sahihi taarifa ya ukaguzi wa moto, wala asiseme kuwa waya za jengo ni nzima kama yeye si fundi wa umeme.

Kuna barabara pia. Magari ya mafuta hupita Lodwar na Kakuma yakielekea mpakani. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, gari la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuyateka mafuta kwa madumu, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hawakuwa wajinga, walikuwa maskini, nayo mafuta yalikuwa yakimwagika bure. Mkufunzi wa kituo cha petroli katika nchi kavu na yenye dhiki kama Turkana asiwafundishe wahudumu wa pampu peke yao. Na wauza chai wa kando ya barabara waitwe, maana ndio watakaofika kwanza.

Sasa juu ya lugha. Lodwar Kiswahili chatosha kwa watu wengi wa kazini, ingawa mzee mlinzi wa usiku huenda akaelewa Kiturukana vizuri zaidi, na yeye ndiye atakayekuwa peke yake saa tisa ya usiku. Kakuma katika ghala moja waweza kuwapo watu wasemao Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kifaransa na Kirundi. Mkufunzi hawezi kuzijua zote, wala si lazima. Lakini asimwulize mwanafunzi, “Umeelewa?” Kila mtu atasema ameelewa, kwa adabu tu. Ampe mtungi mkononi, amwambie, “Fanya.” Avute pini, alenge chini ya moto, abane kishikio, apeperushe kushoto na kulia. Aliyeshindwa arudie, bila kuchekwa. Anayejifunza mbele ya wenzake wa kabila jingine huogopa aibu kuliko moto, na mwalimu asiyelijua hilo atapata ndiyo nyingi na ujuzi kidogo.

Kwa kijana asiyekuwa na fedha za chuo, mwanzo upo karibu. Mahali pa kazi penye watu 20 pana kamati, au panapaswa kuwa nayo. Na aombe kuchaguliwa, apate yale mafunzo ya kwanza kwa gharama ya mwajiri. Ajifunze huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu au St John. Ajiunge na kikosi cha moto cha mahali pake, atunze daftari la kila zoezi na kila ajali ndogo, pamoja na zile zilizokaribia kutokea. Miaka miwili ya daftari kama hilo itamsaidia sana akienda kuomba nafasi chuoni au kupimwa ujuzi wake, na akiwa mkufunzi atakuwa na mifano ya Lodwar na Kakuma ya kuwapa watu wa Lodwar na Kakuma.

Na zoezi lake la kwanza asilifanye asubuhi, jua likingali pole na watu wote wakiwa wamefika. Alifanye saa nane mchana, wakati walinzi wamesinzia, bati linawaka na nusu ya watu wako nyuma kivulini. Kengele ikilia, asimame chini ya mti wa kukusanyikia akiwa na orodha ya majina na saa mkononi, awaite mmoja mmoja mpaka jina la mwisho liitikiwe. Na lisipoitikiwa, aandike ni nani, na alikuwa wapi.